Mtaa Wenye Kesi Sita

Nurabad, Karachi
Alhamisi, tarehe tisa Shaabani

Dada yangu mpendwa Sughra,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wazir na Zulekha wetu, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu baridi ilipopungua huko Shikarpur. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Achari uliyompa dereva wa basi ilifika salama, ingawa mafuta yalivuja yakaloanisha mzigo wa abiria mwingine, na dereva alinisema mpaka nikamgawia chupa moja ili anyamaze. Naila na mkate kila mchana. Chupa moja sasa inanifikisha miezi mitatu. Enzi za marehemu mke wangu Hajra haikuwa ikimaliza wiki mbili.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu zipo. Usidhani ni mazoea ya mtu aliyesambaza barua miaka thelathini na mmoja. Wiki hii nimepiga mara tatu nikiwa na neno la kukwambia, na mara zote tatu amepokea Zulekha, akaniuliza kama chumba chake kina dirisha la upande wa barabara, nikasahau nilichopigia. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Nakuomba uisome kwanza peke yako, ndipo umpe shemeji.

Shemeji unamjua, mwalimu wa hesabu hana dogo. Binti yenu Zulekha alipopata nafasi kwenye chuo cha uuguzi huku, alinipigia akasema hahamishi familia yake kwa porojo. Wengine wanamwambia Karachi mtu hafiki kona ya pili na saa yake mkononi, wengine wanasema hayo ni maneno ya wivu, naye hataki ya hawa wala ya wale, anataka tarakimu. Alinitajia mitaa miwili. Nurabad, kwa kuwa mimi nipo na vyumba vya juu vimekaa vitupu, na Koloni ya Rehmat, kwa kuwa iko karibu na chuo. Nilinganishe uporaji wa mwaka mzima, na mtaa wenye hesabu ndogo ndio watakaohamia.

Mitaa yote miwili iko chini ya kituo kimoja cha polisi, na karani wake, Munshi Yar Muhammad, tunafahamiana tangu nilipokuwa nawapelekea barua. Alinimiminia chai kwenye kisahani, akafungua daftari akanisomea. Rehmat kesi tisini na nne. Nurabad sita. Nikamwomba arudie, akarudia. Alasiri ileile nikamtumia shemeji, na kabla ya magharibi akajibu kwamba shauri limekwisha, ni Nurabad. Wewe mwenyewe ulichukua simu ukalia, ukasema hatimaye mimi sitakula tena peke yangu. Kesho yake nikanunua chokaa nikapaka vyumba vya juu kwa mkono wangu, nikanunua na birika kubwa la chai.

Wiki iliyopita shemeji akaniomba nipite Rehmat pia niulize kodi za nyumba, ili hesabu yake ikamilike. Nilikwenda shingo upande.

Nilitegemea tisini na nne zionekane kwenye nyuso za watu. Nikakuta wanawake wamekaa nje kwenye vitanda vya kamba wanamenya njegere, na mlinzi mzee getini akitaka kujua mimi ni mgeni wa nani. Nikamwambia si mgeni wa mtu. Hilo hakulikubali. Akanipeleka kwa mama mmoja ambaye wote humwita Khala Nasim, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye vyumba viwili vya kupangisha. Kabla chai haijaletwa, watu watatu walikuwa wameshaniuliza kwetu ni wapi, na mmoja akakumbuka kuwa shangazi yake ameolewa Shikarpur, basi nikawa shemeji yao na utani ukaanza. Walinilisha wali na dengu nikashiba.

Nikauliza wanaishije na kesi tisini na nne. Fundi cherehani mmoja, Ustadh Kamal, akacheka, akasema mwaka huu watavuka mia. Kandambili zikiibwa msikitini, wanaandikisha. Kamba ya kuanikia nguo, wanaandikisha. Akanieleza kwamba mtu akiporwa, Khala Nasim hujifunga shali akaongozana naye, na kila mwenye nafasi anafuata, watu wanane au kumi, wanakaa kwenye benchi la kituo mpaka karani achoke aandike. Munshi akimwona yule mama kwa mbali hujitia anaumwa tumbo. Na pikipiki ngeni ikiingia pale, watu sita wameshaandika namba yake. Sasa yapata miezi miwili hawajaporwa.

Ndipo Khala Nasim akaniuliza, bila ubaya wowote:

“Na ninyi huko Nurabad mkiporwa, mnakwenda kumwambia nani?”

Tonge lilikuwa mkononi. Nikajibu kwa kubabaika kwamba kwetu, tunashukuru, mambo hayo ni machache. Akanitazama, nadhani kama alivyowatazama wanafunzi wake maisha yote, kisha akaniongezea dengu.

Dada, sisi Nurabad hatumwambii mtu. Kila mtu hapa hutembea na simu mbili, iliyo hai ameichomeka kwenye soksi, na iliyokufa iko mfukoni ya kumpa mporaji. Duka la kona linauza zilizokufa kwenye kapu kama viazi, na mzaha wetu ni kuulizana nani ana ya kutoa iliyo nzuri zaidi. Daktari wa meno wa jirani anasema kwa hadhi yake hawezi kutoa simu ya vibonyezo. Nimeishi na desturi hii hadi nikasahau kuwa ni desturi ya watu wanaoporwa. Nani atapoteza siku nzima kituoni kwa ajili ya simu iliyokufa? Ndiyo maana daftari letu ni safi.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Munshi aliposoma sita, mimi nilijua si sita. Mwaka jana mimi peke yangu niliporwa mara tatu. Unakumbuka nilikwambia simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya maji? Haikutumbukia. Nilikuwa natoka kusali alasiri, kwenye uchochoro wetu, huohuo ambao Zulekha angeupita kila siku akishuka basi. Vijana wawili kwenye pikipiki, mmoja na bastola. Nikatoa ile iliyokufa. Mwenye bastola akaibonyeza, akacheka.

“Mjomba, hii marehemu. Nipe iliyo hai.”

Nikampa. Miguu ilikuwa inanitetemeka, naye akaona. Akasema, “Kaa chini kwanza, mjomba, usije ukaanguka. Nyumbani una mtu?”

Nami nikamjibu. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu nikamweleza kwamba sina mtu, mke wangu amefariki, mwanangu yuko Muscat na hupiga simu siku ya Idi, lakini huenda siku moja dada yangu akaja. Alinisikiliza, bastola ikiwa juu ya paja lake, mpaka mwenzake akatia moto pikipiki. Walipoondoka, nilichosikitikia kwanza haikuwa simu. Nilisikitika kwamba ameondoka. Tangu Hajra azikwe, katika uchochoro huu wenye nyumba arobaini, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza kama nina mtu. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kwa hiyo ile sita niliipokea kwa mikono miwili. Nilijua ni uongo, nikamtumia mtu anayeamini tarakimu, ili nisikie nyayo za watu juu ya dari yangu. Nilikuwa tayari Zulekha apite pale kila jioni na simu iliyokufa kwenye mkoba. Naona aibu, dada, na sijui namna laini zaidi ya kulisema. Nisamehe. Kama huwezi sasa hivi, nitasubiri.

Msije Nurabad. Nimemwomba Khala Nasim awashikie vile vyumba viwili hadi Idi, naye amekubali. Chuo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kutoka kwangu hadi pale ni mabasi mawili. Nitakuwa nakuja kila Ijumaa, mkiniruhusu.

Jana nilikwenda kituoni kuandikisha kesi zangu tatu. Munshi alidhani nimefuata chai. Alipoelewa, akaniuliza baada ya miezi yote hiyo nataka nini. Nikakaa kwenye benchi mpaka akafungua daftari, na sasa Nurabad ni tisa. Shemeji akitaka ahakikishe mwenyewe. Munshi akaniuliza shahidi, nikasema sina. Akaniuliza majina ya majirani wawili wanaonijua. Nikayataja, lakini kila jina linaandikwa na la baba, na ya baba zao sikuyajua. Mwishoni akauliza aarifiwe nani nikipatwa na jambo. Nikamwambia Sughra binti Allah Bachayo, wa Shikarpur. Akasema huko ni mbali, anataka mtu anayeweza kufika ndani ya saa moja, akaningoja na kalamu mkononi. Nikazipitia nyumba zetu arobaini kichwani, dada. Nikamwambia aandike wewe tu.

Nisalimie shemeji Wazir, na umwambie hesabu zake hazikukosea, aliyekosea ni aliyempa tarakimu. Mpe mkono Zulekha, na mwambie dirisha la kwa Khala Nasim linatazama barabarani. Mungu awalinde nyote.

Ndugu yako mdogo,
Ali Gohar