Jina la Marehemu Mume Wangu Bado Liko Kwenye Tovuti ya Chuo

Mshauri wetu mpendwa, nakusalimu kwa jina la Bwana na naomba msaada wako, kwa maana nimeomba na nimefunga na bado mkono wangu unakataa. Mimi ni mjane, kazi yangu ni kupiga chapa katika idara ya kilimo ya chuo kimoja hapa Meru, naishi Nchiru, na marehemu mume wangu Misheck Mbae alikuwa akifundisha mambo ya udongo katika idara hiyo hiyo mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana wakati wa mvua, na kwa yote nashukuru.

Sasa kabla hajafa chuo kilikuwa kimeanzisha tovuti, hizi kurasa za kompyuta ambazo hata mtu wa Ulaya anaweza kuzifungua akasoma, na kwa vile kila idara haingeweza kujitengenezea yake, kijana wetu wa kompyuta anaitwa Kithaka alitengeneza moja ya kushirikiana, chungu kimoja, kila idara inapakua sehemu yake na kujaza majina ya walimu, masomo yao, na siku ambazo mtu anawapata ofisini. Za idara yetu nilijaza mimi. Jina la mume wangu nililipiga kwa vidole vyangu, yeye amesimama nyuma yangu akinitania, "Mama Ruguru, usinipunguzie herufi hata moja, hiyo ni dunia yote inasoma."

Mpaka leo bado liko hapo, na imeandikwa kwamba anapatikana ofisini Jumanne na Alhamisi. Majuzi mwanafunzi alitoka kwao Kiirua na udongo wa shamba la babake ndani ya karatasi ya nailoni, akaniuliza, "Mama, mwalimu Mbae ameingia?" nikamwambia ametoka kidogo, akarudi na udongo wake.

Shida yenyewe ni kwamba mahali pa mume wangu ameandikwa kazi msichana mmoja mwalimu anaitwa Rwamba, mtoto mwenye heshima sana, na nafasi za idara yetu kwenye tovuti zimejaa, jina moja likiingia lingine lazima litoke, na kuna profesa wa ng'ambo anataka kumchukua Rwamba akasome zaidi lakini amesema kwanza aone jina lake katika ukurasa wa idara, na mwezi ukiisha kabla hajaliona atampa nafasi mtu mwingine.

Kithaka aliniambia, "Mama, futa tu. Ni kubonyeza mara moja." Mshauri, hilo neno! Sisi hapa mtu akifutwa ni kazi amefukuzwa, na siku ya mazishi mchungaji alituahidi kwamba jina la mtu aliyeshinda halitafutwa katika kitabu cha uzima, nikasema amina kwa sauti, sasa mimi mwenyewe mke wake niende nikamfute na kidole changu?

Nikaona nipite katikati. Nikaingia kwenye kompyuta niandike "Marehemu" mbele ya jina lake, angalau watu wajue, lakini kumbe sikuandika katika ukurasa wetu, niliandika katika ule ukurasa mama ambao idara zote zinachukua mfano kwake, na asubuhi kukawa hakuna mwalimu aliye hai chuo kizima, wote Marehemu! Daktari Nyamu, mkuu wa idara yetu, akaja akaegemea meza yangu: "Mama Ruguru, mimi nimekufa lini? Na mbona hamkuchinja hata kambuzi?" Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, lakini profesa mmoja wa hesabu hakucheka, alienda kuombewa. Kithaka alirekebisha akanieleza, "Ukishika ukurasa mama, Mama, umeshika watu wote."

Baada ya hapo Daktari Nyamu aliniambia kwa upole kwamba angeweza kumwagiza Kithaka alitoe jina hilo, lakini hataki litoke bila mimi. Rwamba naye ananiambia, "Mama, mimi nitangoja," lakini namwona akipita mlangoni, anachungulia, anaenda. Na shemeji yangu Kaberia anasema jina la ndugu yake likitoka huko tutakuwa tumemzika mara ya pili. Mume wangu alikuwa mtu mpole, mkali kwa jambo moja tu, mwanafunzi akiweka kitabu kwenye kiti kumshikia mwenzake ambaye hajafika, alikuwa anakiinua juu na kusema, "Kitabu hakina makalio!" Namkumbuka mpaka kwa vitu kama hivyo. Nifanye nini?

Mama Ruguru, Nchiru.

JIBU

Mama Ruguru, pole kwa msiba, na hongera kwa chuo kizima kufufuka kabla ya chai ya saa nne. Nimecheka, nisamehe. Najua hata wewe ulicheka ulipofika nyumbani.

Sasa nisikilize, maana mwezi haukungoji. Neno limekushika, dada yangu. Ndiyo, watu hufutwa kazi, lakini pia tunafuta machozi, na sijasikia chozi likilalamika kwamba limeonewa. Kile kitabu alichotaja mchungaji hakiko katika chumba cha Kithaka, na hakihitaji umeme. Uliitika amina. Basi iamini.

Na kwa hili nitakugombeza. Yule kijana wa Kiirua ulimwambia "ametoka kidogo". Mama mwombaji kama wewe! Tovuti inasema uongo kila Jumanne na Alhamisi, na sasa umeanza kuisaidia. Mtafute huyo kijana, mwambie mwalimu wake amelala katika Bwana, kisha mshike mkono umpeleke kwa Rwamba pamoja na udongo wake. Hiyo ndiyo kazi ya Misheck, na inaendelea.

Shemeji Kaberia mpe chai, umsikilize, umwambie hivi: kwetu jina la mtu halihifadhiwi kwa mtambo, linahifadhiwa kwa mtoto. Binti yako Ruguru akijaliwa mtoto wa kiume wa kurithi jina la babu yake, mtaliita hilo jina mlangoni kila jioni aingie kuoga, na litaitika. Hiyo kompyuta hata ukiiita haigeuki.

Daktari Nyamu amekuheshimu, usimchoshe kwa heshima yake. Jumatatu asubuhi nenda kwa Kithaka ukiwa na Rwamba, mwambie Kithaka akuonyeshe ukurasa wa idara yenu, si ule ukurasa mama, tafadhali, profesa wa hesabu ameshaombewa vya kutosha. Omba, ubonyeze wewe mwenyewe. Ukilia, lia. Halafu Rwamba asimame nyuma yako pale aliposimama mume wako, akutajie jina lake mwenyewe, nawe uliandike bila kupunguza herufi hata moja.

Wewe mwenyewe umeniambia angefanya nini. Msichana amesimama mlangoni, na kiti kina kitabu. Kiinue, Mama Ruguru.