Njia Tuliyoikanyaga

Alhamisi, 11 Julai

Nimeosha farasi wote leo. Mbung'o wamezidi. Sabuni ana vidonda shingoni, nimempaka dawa, naye kwa shukrani akanikanyaga. Kidole gumba kimevimba. Mwehu huyu farasi.

Bosi yuko Arusha. Kasema kwa simu wawili watembezwe, wasinenepe bure kabla watalii wa Agosti hawajaja. Nikamwuliza kama naweza kulala nao nje wikiendi hii. Kasema sawa, ila nikimvunja farasi mguu nisirudi. Sawa.

Ghati anakuja kesho. Tulianza naye kazi hapa bandani, wasichana wawili kutoka Genkuru, hatujui hata upande gani wa farasi unauma. Yeye aliacha, akaenda Nyamongo kuuza chakula kwa wachimbaji. Tangu hapo tunasema tutaenda na farasi sisi wenyewe, bila mgeni wa kumshikia chupa ya maji. Leo nimekunja hema, nimefunga unga, chumvi na dagaa. Nimefurahi mpaka najishangaa.

Ijumaa, 12 Julai

Ghati kafika kwa bodaboda. Kanenepa. Mara ya kwanza kupanda kashindwa, kabaki ananing'inia kwenye tandiko kama nguo kwenye kamba. Nimecheka mbavu zikauma. "Mura, simama!" anamfokea Jemedari, kama vile farasi naye ni kijana wa Kikurya. Na akasimama kweli.

Tumepita Issenye katikati. Watu wote nje. Kijana wa baiskeli katutazama mpaka kaingia mtaroni. Bibi mmoja katuuliza kama tuna waume. Ghati kajibu, "Tunao, bibi, ndio hawa tumewakalia." Bibi kacheka mpaka kashika kiuno.

Jioni tumefika kwa Mzee Makuru, chini ya kilima. Ni mjane, anaishi na mwanawe Mgesi na ng'ombe wachache. Tulimpa shikamoo, tukaomba kufunga hema kwenye shamba lake lililokwisha kuvunwa mtama. Kakubali hapohapo. Kasema tulale karibu na zizi, kuna fisi. Mgesi katuletea maziwa ya mgando, kibuyu kizima. Hakutaka kitu. Watu wema.

Wakati wa kula Ghati kaongea habari za Chacha, mdogo wake. Mama yao alipokufa Chacha alikuwa bado ananyonya. Ghati ndiye aliyemlea, alikuwa anakwenda naye shule mgongoni. Sasa ni kijana mkubwa, hana kazi, na ana marafiki ambao Ghati hawapendi. "Wananunua bia kila siku na hakuna anayejua wanafanya nini," kasema. Nikamwambia atakua tu.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika hemani, ng'ambo ya kijito.

Asubuhi nimeamka, Ghati hayupo. Alikuwa juu ya kilima, huko ndiko mtandao unashika. Kashuka uso umebadilika. Nikamwuliza kama kuna msiba. Kasema hapana, tumbo tu. Hakunywa chai.

Kisha ghafla akataka tukimbize farasi. Tena palepale, kwenye njia ya ng'ombe inayotoka kwa Mzee Makuru kwenda kijitoni. Vumbi laini, hakuna mawe, pazuri kwa kwato. Nikasema twende basi. Tulikimbia mpaka kijitoni, tukarudi. Akasema tena. Tukarudia. Akasema tena. Nikamwambia farasi watachoka, akasema, "Bhoke, umezeeka!" Mimi mtu akiniambia hivyo simwachi. Nilimpita mara zote. Nilipiga kelele kama mtoto. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo. Tulipomaliza ile njia ilikuwa imesagika yote, unga mtupu.

Jua lilikuwa halijawa kali tukasikia yowe kutoka upande wa pili wa kilima. Halafu lingine. Watu wakaja, wengi, pinde, marungu, mapanga. Sungusungu, walinzi wa kijiji. Ng'ombe wa kijiji cha jirani wameibwa usiku, na nyayo zimekuja moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa Mzee Makuru.

Huku kwetu nyayo ndiyo hakimu. Zikiingia kwako, uonyeshe zilipotokea upande wa pili, ili wenzako wa mbele nao wazipokee. Ukishindwa, wewe ndiye mwizi, au umewaficha wezi, na unalipa. Hilo hata mtoto analijua.

Mzee Makuru alitoka kuwaonyesha. Hakuwa na wasiwasi wowote. Akaenda kwenye njia ya kijitoni, akainama. Hakuna kitu. Kwato za farasi tu.

Babu mmoja anayewaongoza kwa nyayo, mwembamba, kavaa koti la mvua kiangazi hiki, alituita. Akauliza tumepita hapa lini.

Mimi nilifungua mdomo. Ghati akawahi, kwa heshima kama anaongea na baba yake. "Jana jioni, tata. Tulipofika."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Babu akainama tena, akachokoa mavi ya Jemedari kwa fimbo, akataka kusema kitu. Vijana wakamkatisha. Wakasema kama farasi wamepita jana, na ng'ombe wameibwa usiku, nyayo za ng'ombe zingekuwa juu ya za farasi. Hazipo. Basi ng'ombe hawakupita. Wameingia kwa Makuru na hawakutoka.

Nilikuwa nimesimama pale, hatamu mkononi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Tumepita leo asubuhi. Maneno matatu tu. Sikuyasema. Niliogopa yale mapanga, na nilimwogopea Ghati. Mzee Makuru alikuwa anasema, "Jamani, mimi? Mimi, jamani?" Wakamsukuma ndani ya uzio wake mwenyewe. Sisi wakatuambia tuondoke, hayatuhusu wanawake.

Tumehamia ng'ambo ya kijito. Nimemwuliza Ghati kwa nini kadanganya. Kasema, "Usiniulize leo."

Sijala.

Jumapili, 14 Julai

Tumerudi. Karibu na barabara nikashuka, nikamshika Jemedari hatamu, nikamwambia Ghati hatuendi mbele mpaka aseme.

Kasema. Jana alfajiri Chacha alimpigia simu. Ni mmoja wa wale wezi. Walikuwa bado wanaswaga ng'ombe kuelekea Mto Mara, kumeanza kupambazuka, na Chacha kaogopa. Alimwambia walikopita. Ghati akatazama chini toka kilimani akaona ni ile njia, na nyayo zimejaa. Basi.

"Wangemkuta wangemchoma, Bhoke. Unajua wangemchoma."

Najua. Nimewahi kuona mtu kachomwa, pale Nyamongo, na harufu ile haitoki puani.

Nikamwuliza, na Mzee Makuru? Kasema hakujua itakuwa hivyo, alitaka tu kuwachelewesha. Nikamwambia mwongo. Angetaka kuwachelewesha tu asingesema jana jioni. Hapo alimaliza kazi. Akaanza kulia. Nikampiga kofi. Zito. Hakuinua mkono. Farasi wakashtuka, mimi nikaanza kuwatuliza wao.

Na mimi alinitumia. Zile mbio zote, zile kelele zangu. Nilidhani tunacheza.

Kapanda bodaboda kwenda kwao. Hatukuagana.

Jumatatu, 15 Julai

Habari imefika mpaka bandani, imeletwa na muuza maziwa. Wamechukua ng'ombe wote wa Mzee Makuru. Zizi tupu. Mgesi aliwazuia mlangoni, wamempiga marungu. Yuko hospitali Mugumu, mkono umevunjika na jicho moja halifunguki. Muuza maziwa anasema mzee wa watu kumbe alikuwa mwizi miaka yote hii, nyoka wa kijani kwenye majani mabichi. Nilimfukuza. Maziwa yake sikuyachukua.

Kesho kuna mkutano kwenye josho la ng'ombe. Wanataka Mzee Makuru atoe na shamba, ahame.

Ghati amepiga simu. Sikupokea. Amepiga tena. Nikazima.

Nina hasira na kila kitu. Nimemfokea Sabuni, kajificha nyuma ya banda. Nikisema, Chacha atakufa. Nisiposema, mzee aliyetulaza kwake anafukuzwa na mwanawe anakuwa chongo bure. Nimeomba Mungu. Mungu naye kanyamaza, ananiangalia tu nifanye nini.

Jumanne, 16 Julai

Nimekwenda.

Wanaume tupu. Mzee Makuru kakaa chini peke yake, kofia mkononi. Kasinyaa. Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti akasema wanawake watapewa nafasi mwishoni. Nikasimama hivyohivyo. Nikasema ile njia tuliikanyaga Jumamosi asubuhi, sio Ijumaa. Nikasema tulikwenda na kurudi mpaka tukaisaga. Nikasema Mzee Makuru hana kosa lolote na mimi nilisimama pale nikanyamaza, na kama kuna wa kupigwa nipigwe mimi.

Kelele. Mmoja akasema nimehongwa. Yule babu wa koti akainua fimbo, wakanyamaza. Kasema, "Mavi yalikuwa mabichi. Niliwaambia. Mkasema babu huyu anajua nini habari za farasi."

Halafu akanigeukia. Hakuwa mkali. Akaniuliza mwenzangu yule ni wa wapi. Nikasema Genkuru. Kwa nini alidanganya? Nikasema sijui. Akauliza, "Ana ndugu wa kiume?"

Nilikuwa nimejiapiza sitataja jina. Na sikutaja. Nikasema, "Anaye."

Ikatosha. Simu zikaanza kupigwa hapohapo, kwenda Tarime, kwa wazee wa Genkuru.

Nikatoka nikaenda nyuma ya josho.

Nilipowasha simu nilimwandikia Ghati: Mwambie akimbie. Hakujibu. Sijui kama Chacha nimemsaidia au nimemmaliza.

Alhamisi, 18 Julai

Ng'ombe wamepatikana. Walikuwa wamefichwa vichakani karibu na Mto Mara, wanasubiri kuvushwa. Watu wa pande zote mbili za mto waliwazingira. Wenzake Chacha walitawanyika. Yeye kakimbilia majini. Walimwona mpaka katikati ya mto, halafu hawakumwona. Leo asubuhi kaonekana chini kidogo, kanasa kwenye mizizi. Mamba hawakumgusa. Watu wanalisema hilo kama vile ni bahati.

Mzee Makuru karudishiwa ng'ombe wake. Wote, na fahali mmoja juu, wa kuomba radhi. Mgesi atabaki na jicho moja. Mzee kanitumia salamu, kasema Mungu anibariki. Nilimwambia aliyeleta asirudie kusema hilo neno mbele yangu.

Jumapili, 21 Julai

Jana nilikwenda kuzika, Genkuru. Bosi kanipa ruhusa, sikumwambia ni msiba wa nani. Bodaboda mpaka Mugumu, gari, daraja. Mtoni sikutazama chini.

Sikujua nitasema nini. Nilidhani watanifukuza, au watanipiga. Nilikuwa tayari. Nusu ya moyo wangu ilitaka.

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba. Watu wachache. Wanaume hawakukaa sana, mtu aliyekufa hivyo hakaliwi matanga marefu. Nilikaa upande wa wanawake, mwisho kabisa, nikasaidia kumenya ndizi. Mmoja akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema nafahamiana na dada yake.

Ghati alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, kichwa kakifunga kanga. Hakuwa analia. Aliinua macho, akaniona. Nikaacha kumenya. Kwa dunia yote ni mimi na yeye tu tuliojua, na ng'ombe wamepatikana, basi hakuwa na haja ya kuuliza ni nani alisema.

Akamwita shangazi yake. Nikasikia vizuri, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mpeni yule chakula. Ametoka mbali."

Wakaniletea ugali na nyama kidogo, na maji ya kunawa. Nikanawa. Nikala. Nilikula mpaka mwisho, sikuacha kitu, kwa sababu alikuwa ananiangalia. Nilipomaliza akageuza uso, akaegemea ukuta. Hakunitazama tena mpaka naondoka.

Leo nimefagia banda. Nimewapa pumba na maji. Mbung'o wamepungua kidogo, kuna upepo.