Ukili Kizingitini mwa Ofisi ya Mtihani

Mama yangu uliyelala kisiwani Kudha,

Fatiha yako nilikusomea Ijumaa, kwa hiyo leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na wewe ndiye uliyenizaa, basi zisikilize.

Wamenikataa tena pale ofisi ya mtihani wa Kiingereza, hapa Kismayo. Nimepata nafasi ya kusomea ualimu Uingereza, Mama, lakini chuo kinangoja matokeo ya mtihani huo. Yasipofika, nafasi anapewa mwingine. Mtihani wenyewe siuogopi. Ninachotaka ni mtu wa kunisomea maswali na muda wa ziada, na kanuni zao wenyewe zinasema hiyo ni haki ya asiyeona.

Kijana wa ofisini alianza kwa kuniahidi karatasi ya nukta, ile inayosomwa kwa vidole. Nikamwambia sikuwahi kufundishwa. "Lakini vipofu wote huisoma," akasema. Nikamuuliza amewajua wangapi. Kisha akataka cheti cha daktari wa macho, nikakipeleka. Alipokwisha kukishika akataka na barua ya skuli, ithibitishe kwamba tangu utotoni nilikuwa nikisaidiwa darasani. Skuli wametafuta, hawana kitu. Watakuwaje nacho, na msaada wangu ulikuwa wewe?

Unakumbuka maalim wa Kiingereza alivyotupokea siku ya kwanza? Surua ilikuwa imeshaniachia mwanga na vivuli tu. Mashangazi walisema nitiwe chuoni nihifadhi Qur'ani, Kiingereza cha nini kwa mtoto asiyeona. Hukubishana nao. Ulinishika mkono hadi skuli, na maalim aliposema darasa si mahali pa mama wa mtu, ukakaa kizingitini na furushi lako la miyaa, ukaanza kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka.

"Mimi si mchu wa kuondoka, maalim," ukamwambia. "Takaa papa hapa."

Watoto wakakuruka kuingia, wakakuruka kutoka. Maalim naye alikuruka na kanzu yake, leo na kesho, hadi akachoka. Mwisho akakusogezea benchi kando yangu, akasema usuke lakini usiseme.

Herufi za Kizungu hukuzijua hata moja. Ulizitazama ubaoni, ukazikunja kwa ukili, ukaniwekea mapajani nizipapase. Nyingine ulizigeuza kichwa chini, nikisoma upuuzi darasa zima likacheka, nawe ukanifinya mimi. Baba alilala kwenye mkeka wenye matundu muda mrefu, maana ukili wote wa nyumba ulikuwa unaishia kwangu. Akilalamika ulimwambia alalie ubavu usio na tundu.

Haya yote nilimweleza yule kijana. Alinisikiliza, kisha akasema, "Basi mama yako aje aandike."

"Amekufa," nikamwambia.

"Pole sana, dada. Lakini hapo ushahidi hakuna."

Nilitoka nje. Wewe uliyekaa darasani zaidi kuliko wanafunzi wenyewe, kwao hukuwapo. Ulivyonikunjia hadi vidole vikapasuka, si kitu. Wanataka mhuri, Mama, na wewe hukuwa na mhuri. Tena nakukasirikia na wewe, niseme kweli. Umeniacha na watu hawa, na unajua mimi sina ulimi wako. Wakinijibu vibaya hutoka zangu, na maneno mazuri huja nikishafika nyumbani.

Jioni dada mkubwa amesema nistahamili, labda mwakani watabadilisha masharti. Nimemwambia mvumilivu hula mbivu, lakini embe hili lina mtu mwingine aliyekwisha kulinyooshea mkono. Akaguna. Akajua nimefanana na nani.

Basi nimepita sokoni. Nimenunua miyaa, nimeiloweka, na sasa hivi inanukia chumba kizima kama ulivyokuwa ukinukia wewe. Kesho wakifungua ofisi watanikuta kizingitini ninasuka. Waniruke. Na yule kijana akitaka ushahidi, nitamwambia afumbe macho, anyooshe kiganja. Nitamkunjia ukili herufi moja moja, nimwekee mkononi, hadi apapase jina lako lote.

Lala salama. Mimi siondoki.

Mwanao uliyemkalia kizingitini