Lori Niliizima Mwenyewe

Mjukuu wangu Kamau,

Huku Rongai tuko wazima. Baba yako, mwanangu, bado ndiye fundi wa trekta anayeitwa kila shamba! Unauliza hilo gari lako lenye vitanda na jiko uliendesheje lisimalize mafuta. Umeuliza anayejua.

Miaka ya hamsini babu yako alizidiwa na malaria tukiwa safarini pale Gilgil, lori imejaa mahindi, petroli kidogo. Alikuwa amenifundisha kuendesha shambani, kwa hivyo nikashika usukani. Madereva wenzake wakacheka: "Mama, itakuzimikia kabla ya Lanet!"

"Kaeni mcheke. Mgonjwa wangu anaenda hospitali."

Kwenye mlima nilirudisha gia mapema, kabla injini haijatetemeka. Kwenye tambarare nikapandisha gia injini isipige kelele, mguu mwepesi. Mpaka mlango wa hospitali ya Nakuru haikuzimika. Niliizima mwenyewe.

Nyanya yako, dereva.