Vitunguu vya Othieno, Moto wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Malori mpaka saa kumi. Makaratasi mpaka macho yakauma. Nimetoka kazini mpakani nikapitia kwa mama moja kwa moja. Hajala. Uji wa asubuhi bado uko kikombeni, umeshika utando.

Rovu limekua, linambana koo. Ugali haupiti tena. Hata ndizi za kuponda anazimeza kwa kujilazimisha. Amekonda mpaka gauni linamzunguka.

Daktari wa Tororo amesema wazi. Mama ana kilo arobaini na moja, na hampasui mpaka afike arobaini na nne. Wiki mbili. Asipofika anarudi mwisho wa foleni, na kwa hali yake hiyo foleni haiwezi. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi

Othieno anataka kumpikia. Mume wangu ni mpishi, amepika miaka minne katika nyumba ya wageni Tororo. Ilipofungwa walimpa sufuria ya umeme, ile inayopika polepole kutwa nzima. Majirani wanaiita Kobe. Supu anayoitaka ni ya Kifaransa: vitunguu vinaiva mpaka vinalegea kabisa, kisha mchuzi wa mifupa, kisha mkate na jibini juu. Inateremka bila kutafunwa.

Shida si supu, shida ni mama. Kijijini kwao mama, Merikit, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, na mama hali kilichopikwa kwa mkwewe. Siku hizi wengi wameacha. Mama hajaacha. Ndiyo maana amepanga chumba chake, mlango wa tatu kutoka kwetu. Mimi nikipika pale anakula vijiko viwili. Mimi si mpishi, tuseme ukweli.

Jioni nimempelekea bakuli la mchuzi wa Othieno. Limerudi vilevile, limefunikwa vizuri, na shukrani juu. Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Othieno hakukasirika hata kidogo. Amefikiri siku nzima, akasema: tumpelekee Kobe. Iwake kwake.

Nimempelekea mama neno hilo, akalipima. Halafu: "Kukata si kupika. Kama moto uko kwangu, nimepika mimi."

Ningekuwa na mama mkaidi mwenye akili ndogo ningeshindwa. Wangu ana vyote viwili kwa wingi, ukaidi na akili.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja na nusu asubuhi mama ametoka kuota jua nyuma ya nyumba. Othieno ameingia na vitunguu vyekundu vilivyokwisha kukatwa, beseni zima, vipande vyote unene mmoja. Siagi, chumvi, sukari kijiko kimoja. Amechomeka waya, ametoka. Hawakuonana.

Jioni nimekuta vitunguu havijageuka kahawia, vinaogelea majini. Mama alikuwa anafunua kifuniko kila mara na kukoroga, kama anavyofanya na chungu chochote. Kobe ukiifunua joto lote linatoka, inaanza upya.

Sasa nani anamfundisha mama mkwe? Othieno amesimama nje ya dirisha lake, akanitazama mimi, akapaza sauti kwa Kiswahili cha mpakani: "Amoding! Mtu akifunua hiyo kitu, joto nakimbia yote!"

Kutoka ndani: "Amoding! Mwambie bwana yako mimi napika tangu yeye hajazaliwa!"

Kisha, chini kidogo: "Lakini sifunui tena."

Nilikuwa katikati yao na sikufungua mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Imetoka. Kahawia, nzito, tamu. Asubuhi Othieno alivuka upande wa Kenya kutafuta jibini, akakosa kanisa kwa ajili yake. Mchuzi wa mifupa ulichemkia kwa mama pia, jana kutwa. Mkate umelainika ndani ya bakuli mpaka hauna ubishi.

Mama amekula lote. Ameomba nusu nyingine. Nimeishi na huyu mwanamume miaka sita nikidhani najua mikono yake inaweza nini. Sikujua. Nimempenda upya leo, bila kumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Mizani ya duka la dawa: arobaini na mbili na nusu. Mama amejifanya hajali. Njiani kurudi alikuwa anatembea mbele yangu.

Kila jioni wanazungumza kupitia kwangu sasa. Chumvi ipungue. Pilipili manga iongezwe. Bwana yako nakata kitunguu kama anashona nguo. Mama anataka jibini zaidi? Mama hajui hiyo kitu inaitwa nini lakini ndiyo, zaidi. Mimi ni ukuta wao. Nafurahi kuwa ukuta.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme ulikatika jana asubuhi. Kobe baridi. Vitunguu nusu vimeiva, nusu vibichi. Othieno alitembea uani hana la kufanya, jiko la mkaa hawezi kwenda kulikalia chumbani kwa mama. Mimi kazini.

Leo umeme bado. Nimerudi saa kumi na moja nikakuta mama ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake. Amefukia makaa kwa majivu ili moto usiwake kwa kasi, na ameketi hapo tangu asubuhi, akizungusha sufuria kidogo kidogo. Mgonjwa yule! Vitunguu vilikuwa na rangi ambayo Kobe haijawahi kuitoa.

Amepakua bakuli la kwanza akanipa. "Mpelekee."

Othieno amelipokea amesimama, mikono miwili. Amekula taratibu mpaka mwisho. Kisha kwangu, si kwa dirisha: "Mama amenipita mbali."

Jumamosi, 15 Machi

Mama hoi. Kutwa moja ya jiko imemmaliza. Amekunywa maji tu. Nalichukia lile jiko, nauchukia umeme, najichukia mimi kwa kwenda kazini. Kesho kutwa ndiyo mizani.

Jumapili, 16 Machi

Umeme umerudi alfajiri. Othieno alikuwa mlangoni na beseni kabla mama hajatoka. Amegeukia ukuta mpaka mama akapita.

Asubuhi vijiko vitano. Mchana nusu bakuli. Jioni bakuli zima, akisukuma kila kijiko kwa nguvu, machozi yakimtoka. Hakulalamika.

Jumatatu, 17 Machi

Tororo. Kabla ya kupanda mizani mama amevua viatu, kitambaa cha kichwa, hata bangili. Hakuna aliyemwambia. Nilitamani kumpiga kofi. Gramu zile!

Arobaini na nne na kidogo.

Nesi ameandika, hajui ameandika nini. Upasuaji Alhamisi.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tatu asubuhi ameingia. Saa sita ametoka. Anapumua vizuri. Sina zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Jana zilikuwa dripu tu. Leo daktari ameruhusu kitu laini, cha vuguvugu. Nimechelewa, malori yalinishika mpaka saa nane. Asio, binti ya mjomba anayemtunza mama wodini, alikuwa ameshuka kufua mashuka. Othieno alikuwa amefika na supu iliyoiva chumbani kwa mama, kwenye chupa ya chai, ili aiache kwa Asio na kuondoka.

Nimewaona kutoka mlangoni. Mama ameketi kitandani, bendeji shingoni, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto. Mdomo wazi. Othieno ameketi kiubavu, uso wote ameugeuzia dirishani, mkono ananyoosha kwa kukisia. Kijiko cha kwanza kimegusa kidevu. Mama amesogeza kichwa akakifuata. Cha pili kimefika.

Nimesimama na mkoba begani mpaka bakuli likaisha.