Fundo la Dorcas

Halifax, tarehe 14 Februari. Asubuhi theluji nyepesi, hakuna upepo, bandari yote imefunikwa na ukungu.

Yaya Kalenga, kaka yangu mkubwa,

Mdogo wako Numbi anakusalimu, na kabla ya mengine anauliza: kifua chako kimepona? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu hakikunipendeza. Na mvua zinawaacha mfanye kazi, au mashimo yenu ya kobalti hapo Kasulo yamejaa maji tena? Sisi huku ni wazima. Mimi bado nafua mashuka ya hospitali, na mgongo unanikumbusha kila jioni.

Uliniambia, "Andika. Simu inakatika, karatasi haikatiki." Basi naandika, na shajara yangu iko wazi hapa pembeni ili nisichanganye siku.

Neno lenyewe ni la binti yangu Dorcas. Alipochaguliwa na jeshi lake la majini hapa Kanada kwenda kusomea kazi ya nyambizi, alikupigia simu wewe kabla hajamwambia hata baba yake, kwa sababu kwetu mjomba ndiye anayemruhusu mtoto. Ukamwita mama, kama unavyomwita tangu tulipompa jina la marehemu mama yetu, ukamjibu: "Hapana, mama. Mi natoka mu shimo kila siku, najua. Batu banaingia chini ya barafu, batapumua nini?" Kesho yake ukanitumia ile video ya nyambizi inayopasua barafu na kutokeza kama fuko, bila neno lolote. Tangu hapo hujaligusa tena neno hilo.

Najua ulikuwa unamfikiria Kabulo, mdogo wetu, aliyepita mwisho wa bomba la hewa shimoni kwa sababu aliona jiwe zuri mbele, akakosa pumzi. Tangu tulipomzika, hakuna mtu wa shimo lako anayepita bomba. Na mtoto huyu anakuheshimu, yaya. Hajasaini. Karatasi ziko juu ya kabati, na Machi ikiisha nafasi yake itapewa mwingine.

Sasa sikia nilichokiona Jumamosi iliyopita. Kambi yao ilialika familia. Tulipewa chai na biskuti, kisha ofisa mmoja mwenye masharubu akatueleza kwamba serikali inachagua nyambizi mpya, kwa kuwa zile za zamani zimechoka na muda mwingi ziko kwa mafundi. Mbili ndizo zilizobaki kwenye mashindano, moja ya Wajerumani na moja ya Wakorea. Nilidhani mtu anachagua ile kubwa, basi. Kumbe ni kama unavyochagua pampu: hutazami inavyong'aa, unatazama kina cha shimo lako.

Alipouliza kama kuna swali, nikasimama. Nikasema kwa Kifaransa changu cha shule ya masista: "Kaka yangu ni mchimbaji kule Kolwezi. Anauliza, chini ya barafu bomba la hewa liko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Ofisa akamtazama Dorcas: "Mjibu mama yako."

Mwanao akasimama mbele ya watu wote na sare yake iliyopigwa pasi. Alisema nyambizi ya kwenye video yako inaendeshwa kwa nguvu ya nyuklia. Hiyo haihitaji hewa ya juu, inaweza kupita chini ya barafu yote mpaka upande wa pili. Hizi zitakazonunuliwa si za namna hiyo. Zinatumia betri, na betri zinajazwa na injini ya dizeli, na dizeli lazima ivute hewa kutoka juu. Zina pia mtambo mwingine wa kutengeneza umeme bila hewa hiyo, kwa hiyo zinaweza kukaa chini wiki kadhaa zikitembea polepole. Lakini barafu ni dari. Moto ukiwaka ndani, au betri ikiharibika, huwezi kupanda pale ulipo. Kwa hiyo zitafanya kazi ukingoni mwa barafu, na zikiingia chini yake zitaingia kidogo tu, baada ya kupima kwanza nguvu ya betri ya kurudia.

Baba mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Basi zitalinda nini huko kaskazini?"

Dorcas hakugeuza hata shingo. "Anayepita chini ya barafu, siku moja lazima atoke. Njia za kutokea zinajulikana. Sisi tutakuwa mlangoni."

Kisha akaniinamia na kusema kwa Kiswahili chetu, polepole: "Mama, umuambie mjomba, hatutapita bomba."

Yaya, sijui nikuandikieje. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama huyo ni wangu. Nikasema ndiyo. Alikuwa amesikia vizuri, lakini nikarudia.

Siku ile ya simu ulimuuliza Dorcas pia kama betri zao zina kobalti yetu. Nilimuuliza ofisa. Alisema hajui, inategemea watakachochagua. Kwa hiyo usianze kujisifu hapo Kasulo kwamba wewe ndiye unayeendesha nyambizi za Kanada.

Jana jioni nilimweleza Dorcas sheria yako nyingine: kwenye shimo lako mtu hafungiwi kamba na mwenzake. Kila mmoja anajifunga fundo lake kiunoni, na wewe, PDG, mkuu wa shimo, unalivuta kwa uzito wako wote kabla ya kumruhusu kushuka. Nilitaka kumwonyesha fundo lenyewe, nikakosea mara mbili, likateleza. Akaichukua kamba mkononi mwangu. "Ni hili?" Akatengeneza tundu, akapitisha ncha kutoka chini, akaizungusha nyuma, akairudisha ndani. Kwa mkono mmoja, yaya. Kumbe ni la kwanza walilofundishwa jeshini.

Nimelikata na kuliweka humu pamoja na barua. Mama mmoja wa kwetu anayesafiri kwenda Lubumbashi atakufikishia. Mimi sikulishika. Livute kama unavyovuta la kila mtu. Likilegea, mpigie umwambie akae, naye atakaa. Lisipolegea, mpigie pia.

Msalimie wifi yangu, anayevumilia shimo mlilochimba ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda chake. Msalimie dada yetu anayeuza samaki kwenye stesheni ya Tenke, mwambie nguo za watoto nitazituma kiangazi. Na umwulize baba mdogo kule Sandoa kama mahindi yake yamekubali mwaka huu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemfunza kuhesabu kwa mawe ya kijani,
Numbi

Tarehe 15 asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa sita kasoro robo usiku. Taa ya chumba cha Dorcas ilikuwa bado inawaka. Anangoja neno lako.