Punje Nyeusi Ndani ya Ufunguo

Jumatatu, 1 Julai

Ufunguo wa gari umepasuka! Ganda lake la plastiki limeachama mdomo, nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Na ndio huo huo mmoja. Kaka yetu Emile, alipotuachia gari hii kabla ya kuhamia Kindu, alisema wa pili haukuwahi kuvuka bahari.

Ningecheka, kama si Grâce. Mdogo wangu huyu ni mjamzito, na alipasuliwa kwa mtoto wa kwanza. Daktari wa Kasongo anataka apasuliwe tena, afike hospitali kabla ya uchungu, na pikipiki asiiguse kabisa. Hapa Kabambare gari inayotembea ni hii yangu. Nyingine zimekuwa nyumba za kuku.

Nimempigia Emile, nikamwambia fundi wa vyuma si atachonga mwingine, ufunguo ni chuma tu. Alicheka mpaka nikachukia. Kumbe ndani ya ufunguo kuna kitu kidogo. Gari inakiuliza, kinajibu, ndipo injini inakubali. Batri ni ya telekomande, ya kufungua milango. Kile kingine hakina batri, na bado kinajibu! Miaka yote nimekaa kwenye usukani, watu wawili wanaongea mbele yangu, na mimi sisikii. Nimeshika ule ufunguo kwa adabu leo, kama kitu cha kanisani.

Jumatano, 3 Julai

Ufunguo mpya wa kuagiza ng'ambo — afadhali ninunue mabati ya nyumba nzima. Lakini kuna Mugisho, mnunuzi wa dhahabu kule Salamabila, mtu wa Bukavu. Anauza pia chochote kinachong'aa, zikiwemo funguo tupu za telekomande na maganda yake, kwa bei ya binadamu. Na Moustapha wa Kasongo, yule anayezunguka na mashine ya kuifundisha gari ufunguo mpya, atapita kwake wiki ijayo. Kwa simu amenisisitizia: nilete gari yenyewe, pamoja na ufunguo unaofanya kazi. Bila wa kwanza kujibu, wa pili utakuwa wa bei ya matajiri.

Grâce anasema niende tu, mtoto bado hana haraka. Haya.

Jumamosi, 6 Julai

Salamabila. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mugisho hakutaka kumsubiri Moustapha. Kuhamisha matumbo ya ufunguo kwenye ganda jipya ni kazi gani, aliniuliza, kwa mtu anayepima chembe za dhahabu kila siku? Akakaa kwenye meza yake, lenzi jichoni, kibanio mkononi. Ganda la zamani lilivunjika vipande. Akatoa kibao chenye nyaya, akatoa batri, akavilaza kwenye ganda jipya. Vizuri sana. Hata mimi nilimsifu.

Nilivuka barabara, nikabonyeza. Milango ikaruka kwa pamoja, taa zikapepesa! Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai walisimama. Mmoja akaomba nirudie. Nilirudia, nikarudia tena, nikajiona mkubwa, mpaka haya ikanishika.

Kisha nikaingia kuwasha. Injini inashika, inakata. Inashika, inakata. Taa ndogo nyekundu inapepesa tu.

Moustapha, kwa simu, hata salamu hakumaliza.

"Kale kajiwe keusi kalikuwa mu ganda ya zamani, muliweka wapi?"

Punje tu, kadiri ya mchele. Haishikani na kibao, inalala peke yake kwenye kitundu. Gari inaongea na punje hiyo. Mugisho aligeukia meza yake. Meza ilikuwa imeshafagiwa.

Kwa mnunuzi wa dhahabu hakuna takataka ya kutupwa. Vumbi la mezani na la sakafuni linaingia kwenye ndoo ya Falone, shemeji yake, naye analiosha kwenye karai kutafuta chembe zilizoponyoka. Ni haki yake, ndiyo mboga ya watoto wake, na mkono wa mtu mwingine hauingii kwenye ndoo ile. Nilitaka kuuingiza wangu. Nilitazamwa kama mwizi. Falone ataosha kesho, baada ya misa, kwa ajili yangu tu.

Jumapili, 7 Julai

Ameosha. Nimekaa kwenye kigoda nikimwangalia, na kusema kweli kwa muda nilisahau shida yangu. Karai linazunguka, maji yanabeba udongo kidogo kidogo, mikono yake haina haraka. Mwishoni kunabaki mchanga mweusi, na pembeni yake uzi mwembamba wa njano. Kutoka kwenye vumbi la miguu ya watu! Nimeishi karibu na dhahabu maisha yangu yote, sikuwahi kuona inavyojitenga na uchafu.

Mchanga mweusi ulitupa matumaini. Mugisho aliukagua punje kwa punje kwa lenzi. Mchanga. Mchanga. Mchanga tu. Falone aliosha tena, wakakagua tena. Tulikuwa tumeinama sote juu ya karai tupu, ndipo Falone alipoliweka chini.

"Dada, tunatafuta mubaya. Mu karai kunabakiaka kizito. Ile kitu yako iko nyepesi. Niliitupa mimi, na maji ya kwanza."

Hakuna aliyemlaumu. Tungemlaumu vipi? Wote tuliona maji yakimwagika kwenye shimo, na wote macho yetu yalikuwa kwenye dhahabu.

Grâce amepiga simu. Mgongo unamuuma. Anasema si kitu. Sauti yake ya "si kitu" naijua tangu utotoni.

Jumatatu, 8 Julai

Shimoni. Tope, kichujio cha chai, tope. Majirani wa Falone wamekuja kusaidia, hata hawanijui. Wamepata kifungo cha shati, jino la mtoto, na chembe mbili za dhahabu ambazo Falone alizitia mfukoni akicheka.

Punje hatujaiona. Naogopa. Naandika ili nisilie mbele ya watu.

Jumanne, 9 Julai

Imepatikana! Mugisho mwenyewe, magoti kwenye tope na suruali yake ya heshima, aliinua kidole, na juu yake kitu cheusi, kidogo, kimemeguka pembe moja. Moustapha alikuwa amewasili. Aliipangusa, akaibandika ndani ya ufunguo kwa nta.

Nikageuza. Ikakata. Nikageuza. Ikakata. Akaisogeza kidogo, nikageuza — na ile taa nyekundu ikazimika, injini ikanguruma, ikaendelea kunguruma! Kitu kilichooshwa, kikatupwa, kikalala shimoni siku mbili, kimeulizwa na kimejibu. Nilisema asante kwa sauti, na sijui nilimwambia nani.

Simu ya Grâce ikaingia papo hapo. Uchungu umeanza.

Moustapha alikuwa na ufunguo mpya mkononi. Ili kuufundisha, lazima injini izimwe. Na ikizimwa, je, ile punje mbovu itajibu tena? Hakunidanganya: hajui. Nikamwambia basi sizimi. Alinitazama, akafunga kisanduku chake cha mashine, akakaa kiti cha nyuma. Atanifundishia gari huko Kasongo, mgonjwa akishashuka. Mtu ambaye jana nilimjua kwa sauti tu! Falone akachana kitambaa cha kitenge, akaufunga ufunguo pale ulipo, asije mtu akaugeuza kwa kusahau.

Jumanne hiyohiyo, barabara ya Kasongo

Tulimpakia Grâce pale Kabambare injini ikiwaka. Amelala ubavu, anauma kanga.

Sasa lori limezama mbele yetu, limeziba njia yote. Vijana wanachimba. Tumekaa, injini inakula mafuta bure, mshale umeshagusa chini. Wa kuniuzia hapa hayuko. Tukiendelea kunguruma hivi, hatufiki. Nikizima, labda pia hatufiki. Moustapha hataki kunisemea. Nimetazama kile kitambaa cha Falone mpaka macho yakauma.

Grâce ndiye aliyesema, kati ya uchungu na uchungu, akiniita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, zima. Itajibu."

Yeye, ambaye akikosea ndiye atakayelipa! Amesema polepole, kama anayenituma maji. Sijawahi kumwona mkubwa hivi, huyu niliyembeba mgongoni.

Nimefungua fundo. Nimezima.

Kimya. Nasikia majembe. Nasikia pumzi yake. Moustapha amechomeka waya wa mashine chini ya usukani, ufunguo mpya uko tayari juu ya paja lake; anasema hawezi kuanza mpaka ule wa zamani ukubaliwe.

Lori limetoka. Watu wanashangilia, wanatupungia mkono tupite. Grâce amenishika bega. Naweka kalamu nigeuze.